Plagi ya Nyuma Kushoto

Ukiuliza gereji za Chang'ombe fundi gani mkweli kuliko wote, watakutajia mmoja, hata wale ambao hawakuwahi kufanya naye kazi. Watamtaja huku wanatikisa kichwa: "Ah, yule mzee, hawazaliwi tena." Mie nikisikia hivyo huinuka nikaenda kunawa mikono, maana nikibaki nitatukana. Nimefanya kazi chini yake miaka kumi na moja. Alichonipa nakijua, na alichoninyang'anya nakijua. Kwao wapi na babake nani, hayo wataeleza wenye kumsifu. Mie nitamweleza mtu niliyemwona kila siku ameinamia boneti, na mkisikia sauti yangu inapanda mniwie radhi, kwa sababu sijatulia bado.

Sote tulimwita Fundi, basi. Gereji ilijaa mafundi, wa bodi, wa rangi, wa viyoyozi, lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno ulimaanisha yeye. Mfupi, mkavu, ovaroli yake ya bluu kila Jumatatu inatoka kwa mkewe imenyooshwa mpaka ina mistari ya pasi. Alikuwa hagusi plagi mpya kabla hajanawa mikono kwa sabuni ya unga, na wewe ukiigusa hujanawa alikurudisha bombani bila kukutazama. Alilalamika kila siku kuhusu singeli iliyokuwa inapigwa kwenye kibanda cha matairi jirani, akisema muziki gani huu wa kufukuzana, na wakati huohuo mguu wake chini ya gari ulikuwa unapiga mdundo sawasawa. Ukimwonyesha mguu alikasirika.

Kazi iliyompa jina ilikuwa plagi na koili za magari ya spoti. Wasiojua watasema plagi ni plagi, mtoto anafunga. Sawa. Gari la kawaida injini yake imesimama, plagi ziko juu. Unafungua boneti, unachomoa koili inayoipa plagi cheche, unafungua plagi, unafunga mpya, na chai yako bado ina moto. Haya ya spoti wanayoyapenda watu wa mjini, yaliyoinama chini na kukoroma yakipita, injini yake imelala ubavu. Silinda mbili zinatazama kulia, mbili kushoto, na plagi zinatazama chuma cha bodi. Katikati hapo pana nafasi ya kiganja, tena si kila kiganja. Upande wa kushoto ung'oe betri na chupa ya maji ya kuoshea kioo. Upande wa kulia ung'oe kasha lote la kichujio cha hewa. Ukimaliza hayo ndiyo kwanza unaanza kazi.

Soketi unaiingiza peke yake shimoni. Kisha kipande kifupi cha kurefushia, ukiunganishe humohumo ndani. Kisha kingine, kisha racheti, mpini wa kuzungushia. Ukiviunganisha nje haviingii, chuma cha bodi kinavikatalia. Za mbele unaweza kuzichungulia ukipinda shingo. Za nyuma huzioni kabisa, na ya nyuma kushoto, ile ya silinda ya nne, ndiyo mbaya kuliko zote. Hapo fundi anageuza uso anatazama barabarani au anatazama ukuta, na mkono unafanya kazi peke yake kule chini.

"Vidole ndiyo macho," alisemaga. "Macho ya usoni ni ya kutazamia wapitanjia."

Alitufundisha kuanza plagi kwa kipande cha mpira wa petroli. Unaichomeka plagi kwenye mpira, unaizungusha taratibu kwa ncha za vidole. Ikiingia upande, mpira unateleza, unajua umekosea, unarudi nyuma unaanza upya. Ukiona inakwenda laini, ndipo unaleta soketi. Ikikaa, nusu mzunguko, unaacha. Kichwa cha injini ni alumini, na alumini hailazimishwi. Ukilazimisha unaua uzi, ile mikato ya ndani ya shimo inayoishika plagi, na uzi ukifa injini yote inashuka chini kwa sababu ya plagi inayotosha mfukoni. "Anayeharakisha plagi atashusha injini," hilo nalo lilikuwa lake, na wengine waliliandika kwa chaki ukutani.

Na hakuharakishwa. Alikuja bwana mmoja na gari jekundu, injini inawaka moto, anataka plagi zibadilishwe hapohapo. Fundi alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini bila kuigusa, akafunga.

"Kanywe chai. Ikipoa nitakuita."

"Mzee, mie nina haraka."

"Gari yako haina."

Yule bwana alikaa kwenye benchi saa tatu nzima akituangalia tunafunga breki za watu. Alipoondoka alimshukuru. Watu walimshukuruga Fundi hata kwa kuwatesa, na wakati ule mie nilikuwa wa kwanza kucheka.

Nisiseme uongo, mtu yule alinipa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nina cheti cha ufundi kwenye bahasha, na gereji nne zilikuwa zimenikataa. Moja waliniambia fundi wanaye, anayekosekana ni mpishi. Fundi hakufungua bahasha. Aliangalia kiganja changu, akafungua boneti ya gari lililolala injini.

"Ingiza hapo, nyuma kushoto. Teremsha. Umegusa nini?"

"Klipu."

"Ya nini?"

"Ya koili."

"Kesho saa moja asubuhi," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ndivyo nilivyoanza. Kiganja changu kilikuwa chembamba, kiliingia pasipoingia vya wanaume, na baada ya miaka michache plagi za nyuma zilikuwa zangu. Wateja walijua hivyo. Gari likifika, yeye anafanya za mbele akiongea na mwenye gari, mie nafanya za nyuma kimya. Nilijivunia. Siku hizi nikikumbuka nilivyojivunia natamani nijizabe kibao.

Sasa kuhusu ukweli wake, maana ndio unaosifiwa. Gereji ile ilikuwa na desturi moja, yake yeye, sijaiona kwingine. Kitu kikiharibika mikononi mwetu, haijalishi nani kakiharibu, yeye ndiye aliyekwenda kwa mwenye gari. Alikiweka kilichovunjika kwenye kiganja wazi, akakinyoosha mbele ya mtu na kusema, "Hiki nimevunja mimi." Hakusema "tumevunja," wala "kimevunjika." Mwaka wangu wa kwanza nilivuta koili kwa koleo kwa sababu mpira wake ulikuwa umegandia kwenye plagi, ikakatika vipande viwili. Nikakaa nyuma ya pipa la mafuta machafu nalia. Fundi akavichukua vipande vyote viwili, akaenda kwa mwenye gari, mama mmoja muuguzi mwenye maneno makali, akamwambia kavunja yeye. Yule mama alimsema mpaka watu wakasimama barabarani. Aliporudi aliniambia, "Kosa la gereji lina kichwa kimoja. Ukija kuwa na gereji yako utajua. Kanawe uso."

Alimfanyia vilevile Fundi Rangi aliyekwaruza mlango mpya. Alimfanyia fundi wa viyoyozi aliyesahau kufunga kifuniko cha rejeta. Miaka na miaka. Wateja nao si wajinga, walishaelewa. Fundi akisema "nimevunja mimi," mteja alicheka akasema, "Mzee, unambebea nani leo?" Jina lake likakua hivyo. Gari lilitoka Tabata na Mbagala likaletwa kwake kwa sababu huyo hadanganyi, huyo ana moyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini tembo la huyu tulilinywa miaka mingi hatukuonja maji.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni dharau ya vifaa. Nilijinunulia spana ile ya kupimia nguvu, inayolia "tak" ikifika kiwango ili usikaze kupita kiasi. Alipoiona aliifunga kamba akaitundika kwenye msumari mlangoni, kila anayeingia aione. "Hii ni bakora ya kipofu," akawaambia. Gereji ikacheka siku nzima. Nikaleta kioo kidogo cha mpini mrefu, cha kuchungulia plagi za nyuma. Akaniuliza kama naenda harusini. Nilicheka pia. Nilirudisha kioo nyumbani.

Halafu yakaanza mambo madogo ambayo leo nayapanga yote mstari mmoja, lakini wakati ule niliyaona kama uzee. Akaanza kushika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Nati zikawa zinamponyoka, na alizigombeza nati zenyewe: "Hizi za siku hizi zina mafuta mengi." Siku moja nilimwona damu inamtiririka kidole gumba, kachanika kwenye ukingo wa bati, naye anaendelea kufungua betri hana habari. Nikamwambia, "Fundi, unatoka damu." Akatazama kile kidole kwa mshangao, mpaka nikahisi baridi, kisha akakifuta kwenye ovaroli akasema si kitu. Na plagi zote, hata za mbele, akaanza kunipa mie. "Mkono wako unazijua," alisema. Nikadhani ni heshima. Nikaenda kumwambia mama yangu kwamba Fundi ananiandaa niwe mrithi.

Basi akaja Bosi na gari lake la bluu. Bosi tulimwita hivyo kwa sababu alipenda kuitwa hivyo, mfanyabiashara wa Tabata, mtu mwema tu wa mdomo mkubwa, na gari lile alilipenda kuliko usingizi. Lilikuwa linamisi: ukikanyaga mafuta linashtuka kama mtu mwenye kwikwi, taa ya injini inawaka. Tukapima kwa mashine, mashine ikasema silinda ya nne. Bosi akasema, "Mzee, nimesikia siku hizi anafanya binti. Hii naomba ufanye wewe. Hii ni roho yangu." Akavuka barabara kwenda kula kwa mama lishe. Wenzetu wengine walikuwa wamekwenda kuswali adhuhuri na wengine kula. Tukabaki wawili kwenye gari lile, yeye na mie, na mie nimeshika taa.

Betri nilitoa mie. Koili nilichomoa mie, plagi kuukuu nikatoa, imeungua nyeusi. Plagi mpya akaichukua yeye. Nikampa kipande cha mpira. Akakikataa, akasema anafanya kwa vidole vitupu kama zamani. Akageuza uso kutazama barabarani, mkono ukateremka. Sikuuona mkono, niliona kiwiko, na kiwiko cha mtu anayefunga plagi nakijua. Kikienda laini kinacheza. Hiki kilisimama, kikasukuma, kikasimama tena.

"Fundi, imeingia upande."

"Tulia, binti."

"Haijakaa. Rudisha nyuma."

"Nimefunga plagi hizi wewe unanyonya," akasema, akaingiza soketi na racheti.

Nilisikia. Ni mlio mkavu unaokuja baada ya ugumu, kisha ulaini ghafla usiopaswa kuwepo. Akazungusha, ikazunguka bure. Alipoitoa, uzi wa alumini ulikuja nayo, umejisokota kwenye plagi kama unywele kwenye kitana. Aliinua mpaka karibu na macho. Mie nilisema "Mungu wangu," nikazima taa.

Bosi akavuka barabara anajichokonoa meno. Fundi akaiweka plagi kwenye kiganja, akainyoosha mbele, vilevile kama nilivyomwona akifanya mara mia. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kando yake. Nilikuwa tayari kabisa kusikia maneno yake, mpaka masikio yangu yaliyasikia kabla hayajatamkwa.

"Binti kaharakisha," akasema.

Hapo ndipo mie nilipofanya kosa langu, na hili ni langu, sina wa kumtwisha. Nilinyamaza. Yule ni mtu mzima, ndiye aliyenipa kazi, ndiye aliyesimama mbele ya yule muuguzi akatukanwa kwa ajili yangu. Sie tulilelewa hivyo, mkubwa hakanushwi mbele ya watu. Unasubiri, unamfuata pembeni, naye anarekebisha kwa njia yake. Nikasubiri. Nilimfuata pembeni jioni ile, akaniambia, "Kesho nitamweleza." Kesho yake akasema Ijumaa. Injini ya Bosi ilishushwa, ikakaa chini wiki tatu, na katika wiki hizo hakumweleza.

Fikirini mnielewe. Angekuwa mzee mwingine, anayesingizia watu kila siku, hakuna ambaye angejali. Lakini huyu hakuwahi kumtaja mtu. Miaka yote kabeba, siku moja tu kataja. Kwa hiyo watu wakasema, kama Fundi ameshindwa kumbebea huyu, basi alichofanya ni kikubwa. Nikaitwa Bi Vunja. Fundi Rangi ndiye aliyeanza, kwa utani, na Chang'ombe utani ukishika haung'oki. Wateja wakawa wanaleta gari wanasema, "Asiguse yule dada." Nikapewa kubadilisha oili na kuziba pancha. Nikavumilia miezi sita, nikaondoka, nikapata kazi ya pancha gereji nyingine. Yeye naye baada ya muda akastaafu, wakamchinjia mbuzi. Sikwenda.

Makosa ya watu aliyavaa kichwani kama kofia. La kwake mwenyewe, moja, hakuweza hata kulinyanyua. Nimelifikiria hili sana na kila nikilifikiria nakasirika upya, kwa sababu naona ule ukweli wote tuliousifu haukuwahi kumgharimu. Kusema "nimevunja mimi" wakati hujavunja ni rahisi. Watu wanakupenda zaidi.

Miaka miwili ilipita. Mwaka huu nikasikia Bosi anafungua gereji Tabata, ya magari hayohayo ya injini ya kulala, anatafuta fundi kiongozi. Kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote niliyekutana naye, na sisemi kwa majivuno. Nikaenda. Bosi akanipokea vizuri, akaniagizia soda, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, sina kinyongo. Lakini nitawaambiaje wateja kwamba aliyeua injini yangu ndiye mkuu wangu?" Nikamwambia siyo mie. Akanitazama kwa huruma. "Mzee yule hasemi uongo," akasema. "Aje yeye aniambie."

Nikapanda kwenda Chamazi siku ileile. Fundi anaishi huko sasa, nyumba yake haijapigwa lipu upande mmoja, uwanjani kuna kuku na fremu ya pikipiki. Mkewe alinikumbatia, akaniuliza mbona nimewatupa. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, birika la kahawa limechemka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Umenenepa."

Akanyoosha mkono kuniandalia kahawa. Akalishika birika. Si mpini, mpini ulikuwa umegeukia ukutani. Alilishika tumboni, kiganja kizima, akalinyanyua bila kukunja uso, akamimina kikombe kimoja, akaanza cha pili. Mkewe alitoka ndani mbio na kitambaa, akamnyang'anya.

"Baba we, nimekwambia mara ngapi? Angalia, umeungua tena." Akanigeukia mie huku anamwagia maji. "Sukari hii, mwanangu. Vidole havisikii kitu. Mwaka wa tano huu. Daktari alimwambia aache kazi, akaficha kwenu kama kaiba. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu haambiliki."

Mwaka wa tano. Injini ya Bosi iliharibika miaka miwili na nusu iliyopita. Nilihesabu pale pale, nikarudia, nikasubiri mkewe aingie ndani kutafuta dawa.

"Ulijua," nikamwambia. "Ulipokuwa unaingiza ile plagi ulikuwa huihisi. Nilikwambia imeingia upande ukanambia tulia."

Alitazama kiganja chake kilichoungua. Kilikuwa kinavimba, na alikitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Nilidhani vitakumbuka," akasema. "Vimefanya kazi ile miaka arobaini."

"Na kwa nini ulinitaja mie?"

Hakujibu haraka. Mtu anayesema hakujibu kwa sababu ya aibu namkatalia. Nilimwona, alikuwa anachagua maneno. "Ningesema ni mimi, Bosi angecheka tu, angesema nakubebea. Halafu angesema basi nifunge upya mwenyewe. Wote wangekuwa wamerudi, wangesimama kuangalia vidole vyangu."

Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi, kwamba nilimwelewa. Nikamwambia kuhusu kazi ya Tabata. Nikamwambia nina miaka thelathini na saba, naziba pancha za watu niliowafundisha kushika spana. Sikulia, nilikuwa nimekasirika mno. Akasema Jumamosi atakuja gereji ya Chang'ombe, Bosi naye aitwe, atasema mbele ya wote. Nikamwambia aape. Akaapa.

Na alikuja. Hilo nampa. Saa nne asubuhi alishuka kwenye bajaji amevaa kanzu na koti la kijivu, mikono mfukoni. Gereji nzima iliacha kazi. Shikamoo Fundi, marahaba, shikamoo Fundi, marahaba. Walimletea kiti kizuri, akakataa kukaa. Bosi alikuwa amefika na gari lake la bluu, ameliegesha kivulini. Mie nilisimama karibu na mlango.

"Nimekuja kwa neno moja," Fundi akasema. "Ile plagi ya nyuma kushoto, ya gari ya Bosi, niliifunga mimi. Binti alinionya, nikamkatalia. Uzi niliua mimi."

Alisema vizuri, kwa sauti ya kusikika, hakukwepa neno hata moja. Nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana miaka miwili.

Fundi Rangi ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha upendo kabisa. "Fundi, wewe ni yule yule."

Wengine nao wakacheka. Mmoja akapiga makofi. Bosi alikuja akamshika Fundi bega, macho yamemlowa. "Mzee wangu," akasema, "umetoka Chamazi na umri huu uje kumbebea binti yako apate kazi? Mungu akulipe. Sijaona mtu kama wewe."

"Ni kweli nilifunga mimi," Fundi akasema.

"Tunajua, Mzee. Tunajua," Bosi akasema, akamkonyeza Fundi Rangi.

Nilimtazama Fundi, nikisubiri. Neno moja lilikuwa limebaki, na lilikuwa lake kulisema. Alitazama viatu vyake.

"Waambie kuhusu vidole," nikasema.

Hakuinua uso.

"Fundi. Waambie."

"Dada," Bosi akasema, taratibu, "ushukuru tu una mzee kama huyu."

Nikasema mwenyewe. Nikawaambia vidole vya mtu huyu havisikii, mwaka wa tano huu, alikuwa hahisi plagi wala moto wala kisu siku ile anafunga gari ya Bosi, na alijua. Nikawaambia kama hawaamini watie plagi na nati kwenye mikono yake, afumbe macho, aseme ipi ni ipi. Sauti yangu ilikuwa imepanda mpaka kule kwenye matairi wakazima muziki. Nikamsogelea. "Toa mikono mfukoni, Fundi."

Hakuitoa. Fundi Rangi akajiweka katikati yetu. "We mwanamke una adabu kweli? Mzee kaja kukusaidia, unamvua nguo mbele za watu?" Na mwingine nyuma akasema nimwombe radhi, na mwingine akasema nimwombe sasa hivi, na Bosi akafungua mlango wa gari lake akaingia bila kuniaga. Walinitazama wote kama kitu kilichovunjika. Nikasema simwombi. Nikasema hata wanichinje, simwombi.

Ndipo Fundi aliponyanyua kichwa, mikono ikiwa bado mfukoni, akawatazama wote kwa upole ule ule waliomjua nao miaka yote.

"Mwacheni," akasema. "Ana hasira tu. Mimi nimeshamsamehe."